Kuhama kwa Anwani: Sarufi ya Majina katika Mifumo ya Barua Pepe, 1971–1997, na Mafunzo yake kwa Historia ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya kuhama kwa mifumo ya barua pepe kutoka mtandao wa ARPANET wa Marekani hadi intaneti, pamoja na uhamaji wa vyuo vikuu vya Uingereza vilivyokuwa na mpangilio wao wa majina. Historia hii kwa kawaida husimuliwa kama suala la kiufundi. Makala yanadai kwamba sehemu kubwa ya ugumu wake ilikuwa ya kiisimu: mpangilio wa maneno ndani ya jina, utata wa kimuundo, mamlaka ya kusanifisha na mazoea ya watumiaji. Uhamaji huo unalinganishwa na usanifishaji wa Kiswahili wa 1925–1930, na athari zake kwa maandishi ya Kiswahili zinaoneshwa kwa kuangalia othografia, alama ya ng' na misimbo ya nchi za Afrika Mashariki na Kongo. Makala yanahitimisha kwamba kila uhamaji wa barua pepe ni tukio katika historia ya vyanzo vya lugha, na kwamba wanaisimu wana sababu ya kudai sauti ndani yake.

1.0 Utangulizi

Neno anwani liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na hadi leo lina maana mbili: maelezo ya mahali barua inapopelekwa, na jina la kitabu au habari. Maana hizo zinakutana katika jambo moja, yaani kutambulisha kitu ili kisichanganywe na kingine. Barua ikikosa anwani haifiki. Kitabu kikikosa anwani hakipatikani maktabani.

Taasisi inapohamisha mfumo wake wa barua pepe, wafanyakazi hupokea tangazo fupi kutoka idara ya TEHAMA. Tangazo hutaja tarehe, anwani mpya, hatima ya barua za zamani na namna orodha za wapokeaji zitakavyohamishwa. Wengi huliona jambo hilo kuwa usumbufu wa siku chache. Kwa mtafiti wa lugha, hata hivyo, tangazo la namna hiyo linagusa jambo zito. Barua zimekuwa miongoni mwa vyanzo muhimu vya kuielewa nathari ya Kiswahili. Mwaka 1892 C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwamo barua, na tangu hapo wataalamu wa lahaja, wa sarufi na wa historia wamerejea tena na tena katika barua za aina hiyo. Barua za kizazi cha sasa cha waandishi, wahariri na wanataaluma zimo ndani ya seva. Kila mfumo unapohamishwa, zinahamishwa, zinageuzwa au zinapotea.

Makala haya yanarejea uhamaji wa kwanza mkubwa wa barua pepe, uliotokea kati ya miaka ya mwanzo ya 1980 na mwisho wa miaka ya 1990. Hoja inayotetewa ni kwamba uhamaji huo ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, tatizo la sarufi na la usanifishaji.

2.0 Anwani ya kwanza na orodha moja ya majina

Mtandao wa ARPANET ulianza 1969 ukiwa na vituo vinne katika majimbo ya California na Utah. Mwishoni mwa 1971, Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN mjini Cambridge, Massachusetts, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili zilizokuwa chumba kimoja lakini zimeunganishwa kwa mtandao. Alihitaji alama ya kutenga jina la mtu na jina la kompyuta, akachagua @, kwa kuwa haikuwamo katika majina ya watu na kwa Kiingereza ilisomeka kama kihusishi cha mahali. Kwa mtazamo wa isimu, uamuzi huo uliunda kirai chenye sehemu mbili: mtu, kisha mahali alipo.

Sehemu ya pili ya kirai hicho ilikuwa jina la mashine. Majina yote ya mashine yaliwekwa katika faili moja lililoitwa HOSTS.TXT, lililotunzwa na kituo cha habari za mtandao katika taasisi ya SRI huko California, chini ya uongozi wa Elizabeth Feinler. Kila kompyuta mwenyeji ilichukua nakala ya faili hilo. Jina likishatolewa, halikuweza kutolewa tena kwa mwingine.

Majina hayo yalikuwa na umbo linalostahili kuangaliwa. Jina kama USC-ISIC lilibeba habari tatu: chuo kikuu (Southern California), taasisi iliyomo ndani yake (ISI) na mashine moja ya taasisi hiyo (C). Msomaji wa kibinadamu aliweza kulichambua, akaona kwamba linatoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kidogo. Mfumo wenyewe haukuona lolote. Kwake USC-ISIC lilikuwa neno moja lisilogawanyika, na kistari kilichomo hakikuwa na kazi ya kisarufi. Kwa istilahi za mofolojia, lilikuwa neno ambatano lililokwisha kuganda: asili yake inaonekana, lakini sehemu zake hazifanyi kazi tena zikiwa peke yake.

Utaratibu huo ulifaa mradi jamii ya watumiaji ilikuwa ndogo. Mnamo Agosti 1981 kulikuwa na kompyuta wenyeji 213. Mnamo Agosti 1983 zilikuwa 562. Orodha moja iliyotunzwa mahali pamoja haikuweza kustahimili kasi hiyo kwa muda mrefu.

3.0 Kuhama kwa tarehe: 1 Januari 1983

Kabla ya majina kubadilishwa, ilibadilishwa itifaki yenyewe, yaani kanuni zinazoongoza mazungumzo ya kompyuta na kompyuta. ARPANET ilitumia itifaki ya NCP, ambayo ilitosha ndani ya mtandao mmoja lakini haikuundwa kuunganisha mitandao mingi. Itifaki mpya, TCP/IP, ilikusudiwa kazi hiyo. Mpango wa kuhama ulichapishwa Novemba 1981 katika waraka namba 801 wa mfululizo wa RFC, ambao ndio kumbukumbu rasmi ya maamuzi ya kiufundi ya mtandao tangu 1969. Mwandishi wake alikuwa Jon Postel. Waraka uliutenga mwaka mzima wa 1982 kuwa kipindi cha mpito, na kuweka 1 Januari 1983 kuwa siku ya kukamilisha.

Katika kipindi hicho kulikuwa na kompyuta za aina tatu: zilizojua NCP pekee, zilizojua TCP/IP pekee na zilizojua zote mbili. Za aina ya tatu zilifanya kazi ya mkalimani. Barua pepe ilinufaika zaidi na ukalimani huo kuliko huduma nyingine, kwa sababu barua haihitaji pande zote mbili ziwepo kwa wakati mmoja. Inaweza kupokewa, kuhifadhiwa, kisha kupelekwa mbele kwa kanuni nyingine. Hali hiyo inafahamika vizuri kwa wanaisimujamii: jamii yenye lugha mbili haihitaji kila mtu awe na lugha mbili, ilimradi wapo wa kutosha wa kuziunganisha pande mbili.

Udhaifu wa ukalimani ni kwamba huondoa haraka ya kujifunza. Vituo vingi viliahirisha. Katikati ya 1982 wasimamizi walizima uwezo wa mtandao kupitisha NCP kwa siku moja, na katika msimu wa vuli wakafanya hivyo tena kwa siku mbili, ili wasimamizi wa vituo waone kwamba tarehe iliyotangazwa haikuwa ya maneno matupu. Ilipofika 1 Januari 1983, baadhi ya vituo vilikuwa bado havijawa tayari, na ilichukua miezi kadhaa hali kutulia. Wahandisi waliopitia kipindi hicho walivaa beji za kujitangaza kuwa wamenusurika.

Ulinganisho na historia ya Kiswahili unajitokeza hapa. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925 ulilenga kupata namna moja ya maandishi kwa Tanganyika. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Katika visa vyote viwili kulikuwa na mamlaka, tarehe na waraka. Lakini nguvu za mamlaka hizo hazikuwa sawa. Wasimamizi wa ARPANET waliweza kuzima itifaki ya zamani, na aliyekuwa hajahama akakatika. Kamati ya Lugha haikuwa na swichi ya namna hiyo. Iliweza kukagua vitabu vya shule na kukataa kuviidhinisha, lakini haikuweza kumzuia mshairi wa Mombasa asitunge kwa Kimvita wala mama asimwimbie mtoto wake kwa Kiamu. Ndiyo maana lahaja ziliendelea kuishi ilhali NCP ilikufa.

4.0 Kutoka jina la mashine hadi jina la taasisi

Kuhama kwa majina kulichukua njia nyingine. Mkutano kuhusu barua za kompyuta uliofanyika Januari 1982 katika taasisi ya ISI ulikubali kwamba umbo la mtu@mashine lirefushwe, mashine ifuatwe na kikoa. Mnamo Novemba 1983 Paul Mockapetris alitoa nyaraka mbili, namba 882 na 883, zilizoeleza mfumo wa majina ya vikoa, unaojulikana kwa kifupi kama DNS. Waraka namba 920 wa Oktoba 1984 ulitaja vikoa vya ngazi ya juu, kama EDU kwa ajili ya taasisi za elimu na GOV kwa ajili ya serikali, pamoja na misimbo ya nchi yenye herufi mbili.

Badala ya kuweka siku moja ya kuhama, mfumo mpya uliruhusu majina mawili kuishi pamoja. Mashine iliyoitwa USC-ISIC iliongezewa kwanza kiambishi cha muda, ikawa USC-ISIC.ARPA. Baadaye ikaitwa C.ISI.EDU, na jina la zamani likaandikishwa kuwa jina mbadala linalomwelekeza mwulizaji kwenye jina jipya. Barua iliyotumwa kwa jina la kale iliendelea kufika.

Badiliko hilo halikuwa la sura tu. Katika USC-ISIC mpangilio ulitoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kidogo; katika C.ISI.EDU umegeuka, mashine imetangulia, taasisi ikafuata, kisha kundi lote la taasisi za elimu. Nukta, tofauti na kistari, ina kazi ya kisarufi: kila nukta inaonesha kwamba kilicho kushoto kimo ndani ya kilicho kulia. Neno ambatano limekuwa kirai.

Kwa msomaji wa Kiswahili mpangilio huo si mgeni. Kirai nomino cha Kiswahili huanza na neno kuu, na kila a-unganifu huongeza kitu kikubwa zaidi kinachokibeba kilichotangulia: mhadhiri wa idara ya isimu ya chuo kikuu cha Nairobi. Majina ya watu wa mwambao yanafuata njia hiyohiyo. Jina la mshairi Muyaka bin Haji al-Ghassaniy linaanza na mtu, likapita kwa baba, likaishia kwenye ukoo. Anwani ya barua pepe ya namna mpya inasomeka kama nasaba: kila hatua ya kulia ni hatua ya kupanda. Ipo tofauti moja, hata hivyo. A-unganifu ya Kiswahili hubeba upatanisho wa ngeli, na mara nyingi upatanisho huo huonesha ni nomino ipi inayofafanuliwa. Katika kitabu cha idara ya chuo, cha na ya haziwezi kubadilishana nafasi. Nukta haina ngeli. Inategemea mpangilio peke yake, na pale watu wasipokubaliana kuhusu mpangilio, hakuna kitu kingine cha kuutegemeza ufasiri.

Hatua ya mwisho ilikuja Januari 1986, Craig Partridge alipoeleza katika waraka namba 974 namna ya kutumia rekodi za MX. Rekodi hiyo humwambia mtumaji ni mashine ipi inayopokea barua za jina fulani. Kuanzia hapo jina lililo kulia kwa @ halikulazimika kuwa jina la mashine. Liliweza kuwa jina la taasisi. Taasisi ikapata uwezo wa kubadilisha mashine bila kubadilisha anwani za watu wake.

Uwezo huo ulikuwa na upande wake wa pili. Watu wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wamekwisha kuuona katika utaratibu wa Sanduku la Posta. Barua haikupelekwa nyumbani bali sandukuni, na sanduku mara nyingi lilikuwa la shule, la kanisa, la msikiti au la mwajiri. Mwalimu aliyehamishwa alipoteza anwani pamoja na kituo cha kazi. Barua pepe ya kitaasisi imerithi hali hiyohiyo: anwani inayodumu ni ya taasisi, na mtu ni mpangaji ndani yake.

Walioumia zaidi na kubadilishwa kwa majina walikuwa watunzaji wa orodha za wapokeaji. Majadiliano ya pamoja kwa njia ya orodha yalikuwa yameanza ARPANET tangu 1975. Orodha ni mkusanyiko wa anwani zilizoandikwa kama maandishi ya kawaida, na mfumo hauna njia ya kujua kwamba majina mawili tofauti ni ya mtu mmoja. Jina jipya likiongezwa bila la zamani kufutwa, mtu mmoja hupokea nakala mbili. La zamani likizimwa kabla jipya halijaandikwa, mtu hutoweka kwenye mazungumzo bila yeye wala wenzake kujua. Kwa lugha ya leksikografia, ni tatizo la visawe: kamusi isiyoonesha kwamba vidahizo viwili vina kirejelewa kimoja humpotosha msomaji.

5.0 Sarufi zilizoshindana

5.1 Anwani kama njia

Wakati ARPANET ikihama, ilikuwapo mitandao mingine yenye sarufi zake. Kompyuta zilizotumia Unix zilibadilishana barua kwa simu kupitia programu ya UUCP, iliyotokana na kazi ya maabara za Bell mwishoni mwa miaka ya 1970. Anwani ya UUCP haikutaja mahali mtu alipo. Ilitaja njia ya kumfikia, kituo baada ya kituo, vikitengwa kwa alama ya mshangao. Anwani ya a!b!c!juma iliagiza: peleka kwa a, naye apeleke kwa b, naye apeleke kwa c, alipo Juma. Mtu mmoja alikuwa na anwani nyingi, kwa kuwa kila mtumaji alianzia mahali pake. Ilikuwa kama kumwelekeza mgeni kijijini: maelekezo hutegemea mgeni anatokea wapi.

Mifumo miwili ilipokutana, utata wa kimuundo ulizuka. Anwani a!b@c ina fasiri mbili. Kwa fasiri ya kwanza, barua inakwenda kwanza kwa c, ambayo inaipeleka kwa a kwa ajili ya b. Kwa ya pili, inakwenda kwanza kwa a, ambayo inaipeleka kwa b aliyeko c. Ni utata uleule unaooneshwa darasani kwa michoro ya matawi: mfuatano mmoja wa maneno, miundo miwili. Mwaka 1986 waraka namba 976 uliamua kwamba @ itangulie kufasiriwa. Kabla na baada ya uamuzi huo, kazi ya kutafsiri kati ya sarufi hizi ilifanywa na programu kama sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ndani yake mlikuwa na kanuni za kuandika upya anwani: ukikuta umbo hili, ligeuze kuwa lile. Anayefahamu kanuni geuzi za sintaksia hatashangazwa nazo.

5.2 Uingereza na mpangilio uliogeuzwa

Vyuo vikuu vya Uingereza viliunganishwa katika mtandao wa JANET tangu 1984, vikitumia itifaki zao zilizotambulishwa kwa rangi za majalada ya vitabu vya maelezo. Ya barua iliitwa Kitabu cha Kijivu. Majina yalisajiliwa chini ya mpango wa kitaifa, na mpangilio wake ulianza na kikubwa: nchi, sekta ya vyuo, chuo, kisha idara. Idara ya kompyuta ya University College London iliandikwa UK.AC.UCL.CS pale ambapo mtandao wa Marekani uliandika cs.ucl.ac.uk.

Mpangilio wa Kiingereza haukuwa na kasoro ya kimantiki. Mtu anayepanga majina kwa alfabeti anayapata yakiwa yamejikusanya kwa nchi na kwa chuo, na mashine inayotafuta njia inasoma kwanza kile inachohitaji kwanza. Tatizo lilikuwa malangoni, barua zilipovuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Lango lilipaswa kubahatisha ni upande upi wa jina ulio wa juu. Kwa kawaida iliwezekana kwa kuangalia UK iko mwanzo au mwisho. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 Czechoslovakia ilianza kutumia msimbo wake wa nchi, nao ulikuwa CS. Jina UK.AC.UCL.CS sasa lilianza na msimbo halali wa nchi na kuishia na msimbo mwingine halali wa nchi. Barua zilizokusudiwa idara za kompyuta za Uingereza zikawa katika hatari ya kuelekezwa Ulaya ya Kati. Utata huo uliondolewa na historia ya siasa: Czechoslovakia iligawanyika 1 Januari 1993, na msimbo wake ukaachwa.

Uamuzi, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kufanyika kwa njia nyingine. Mwaka 1991 JANET ilianzisha huduma ya itifaki ya intaneti kwa majaribio, na kabla ya mwaka kwisha mizigo iliyopitia huduma hiyo ilikuwa imezidi ile ya itifaki ya zamani. Huduma ya zamani ilifungwa 1997. Hakuna aliyethibitisha kwamba mpangilio wa kuanza na kidogo ni bora kuliko wa kuanza na kikubwa. Ulishinda kwa sababu waliotaka kuandikiana na dunia walikuwa wengi kuliko waliotaka kubaki na mantiki ya nyumbani.

Hapa pia pana somo kwa historia ya Kiswahili, ingawa ulinganisho una mipaka. Waliotetea Kimvita kabla ya 1928 walikuwa na hazina ya ushairi nyuma yao, na hoja yao ya kifasihi haikujibiwa kwa hoja ya kifasihi. Kiunguja kilichaguliwa kwa kuwa namna zinazokikaribia zilikuwa zimeenea bara. Mjadala wa istilahi una sura hiyohiyo: tarakilishi na ngamizi ni maneno yaliyoundwa kwa uangalifu, lakini kompyuta ndilo linalosikika zaidi sokoni na ofisini. Usanifishaji huchagua mara nyingi kwa wingi wa watumiaji, kisha hutafutiwa sababu za kisarufi baadaye.

6.0 Kiswahili ndani ya uhamaji

Kiswahili kiliingia katika barua pepe kikiwa na faida ambayo lugha nyingi hazikuwa nayo. Itifaki ya SMTP, iliyoelezwa katika waraka namba 821 wa Agosti 1982, ilipitisha herufi za biti saba, yaani alama 128 tu, zilizotosha kuandika Kiingereza. Kifaransa kilipoteza viashiria vyake vya juu ya herufi na Kijerumani kikalazimika kuandika nukta zake kwa herufi za ziada. Othografia ya Kiswahili iliyosanifishwa baada ya 1930 haikuwa na alama yoyote ya juu wala ya chini ya herufi. Barua ya Kiswahili ilivuka mitandao yote, ya zamani na mipya, bila kupoteza kitu.

Faida hiyo ilikuwa na gharama, nayo ililipwa na hati nyingine ya Kiswahili. Maandishi kwa hati za Kiarabu, ambayo ndiyo yaliyobeba tenzi na barua za mwambao kwa karne kadhaa, hayakuwa na nafasi ndani ya alama 128. Kanuni za MIME, zilizotolewa Juni 1992 na Nathaniel Borenstein na Ned Freed, zilifungua mlango kwa hati nyingine ndani ya ujumbe. Anwani yenyewe iliendelea kufungwa. Kanuni za kuruhusu hati nyingine ndani ya anwani zilikamilishwa 2012. Kwa miongo minne mtu aliyejifunza kuandika chuoni kwa hati za Kiarabu hakuweza kuliandika jina lake kwa hati hiyo kwenye anwani ya barua pepe.

Hata othografia ya Kilatini ina sehemu moja dhaifu. Sauti ya nazali ya kaakaa laini huandikwa ng', na ile alama ya tatu si herufi. Katika alama 128 za asili ipo, na ni nyoofu. Programu nyingi za kuandikia huigeuza kuwa alama iliyopinda, ambayo haimo katika orodha ile. Barua ikihamishwa kutoka mfumo unaotumia msimbo mmoja wa herufi hadi unaotumia mwingine bila msimbo kutajwa, ng'ombe hugeuka kuwa ngâ€™ombe au ng?ombe. Msomaji ataelewa. Programu ya kuchambua matini haitaelewa. Italigawa neno, na fonimu moja ya Kiswahili itahesabiwa pungufu katika kila barua iliyopitia uhamaji huo. Mtafiti wa miaka ijayo anaweza kuona kushuka kwa matumizi ya ng' kuanzia mwaka fulani na kudhani kuwa ni badiliko la lugha, kumbe ni siku seva ilipobadilishwa.

Anwani za Afrika Mashariki nazo zina tabaka zake. Mapema katika miaka ya 1990 baadhi ya asasi za Nairobi zilibadilishana barua kupitia FidoNet, mtandao wa kompyuta ndogo uliotumia simu za kawaida. Anwani zake zilikuwa za tarakimu, zikianza na kanda. Afrika ilikuwa kanda ya 5. Mpangilio ulitoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kidogo, kama wa Uingereza. Msimbo wa Kenya, KE, ulikabidhiwa 1993, na wa Uganda na Tanzania, UG na TZ, mwaka 1995. Kwa watumiaji wa wakati huo, kuhama kulikuwa kwa aina mbili kwa pamoja: kutoka tarakimu hadi majina, na kutoka mpangilio mmoja hadi kinyume chake.

Kongo inatoa mfano mzito zaidi. Nchi hiyo ilipoacha jina la Zaire mwaka 1997, msimbo wake ulibadilika kutoka ZR hadi CD, na ZR ukafutwa kabisa mwaka 2001. Tofauti na USC-ISIC, hakuna jina mbadala lililobaki kuelekeza. Barua iliyohifadhiwa yenye anwani ya ZR inaweza bado kusomwa, lakini anwani iliyo kichwani mwake haimfikishi mtu popote. Kwa mtafiti wa Kiswahili cha Lubumbashi au Bukavu, msimbo huo ni alama ya kipindi, kama muhuri wa posta wa utawala uliokwisha.

7.0 Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonesha njia tatu za kuhama. Ya kwanza ni ya tarehe na swichi, kama 1 Januari 1983. Ni ya haraka, inahitaji mamlaka yenye uwezo wa kukata, na humwacha nje aliyechelewa. Ya pili ni ya majina mawili kuishi pamoja mpaka la zamani lisahaulike. Ni ya polepole, lakini barua hazipotei. Ya tatu ni ya wingi, kama ilivyokuwa JANET, ambapo sarufi yenye mantiki hutoa nafasi kwa sarufi yenye watu. Usanifishaji wa Kiswahili ulikuwa na sehemu ya kwanza katika nyaraka zake, sehemu ya pili katika maisha ya lahaja na sehemu ya tatu katika uchaguzi wa Kiunguja. Kuzitenga njia hizo kunasaidia kueleza kwa nini sera moja ya lugha ilifanikiwa shuleni na isifanikiwe barazani.

Kwa upande wa vyanzo, matokeo ni ya kivitendo. Taasisi za Kiswahili zinazohamisha barua zao zinahitaji kuhifadhi mambo matatu pamoja na barua zenyewe: nakala asilia kabla ya kugeuzwa, jedwali la anwani za zamani na mpya linaloonesha ni nani alikuwa nani na kuanzia lini, na maelezo ya msimbo wa herufi uliotumika kabla na baada. Bila la kwanza, hakuna wa kuthibitisha kama ng' ilikuwapo. Bila la pili, mwandishi mmoja ataonekana kuwa watu wawili. Bila la tatu, kosa la mashine litasomwa kuwa badiliko la lugha. Mambo hayo kwa sasa huachiwa mafundi, ambao wanapewa kazi ya kuhakikisha kwamba barua za kesho zinafika. Barua za jana hazina msemaji kwenye mkutano wa kupanga uhamaji, isipokuwa mwanaisimu au mtunza nyaraka atakapoomba kiti.